Kopo la Nyongeza

Mstari mwekundu aliuchora Mzee Karekezi, kwa rangi ya kucha aliyoiomba kwa mke wa katekista. Aliuchora juu ya kioo cha kipimo cha presha, penye mia mbili, akaupuliza ukauke, kisha akanitazama juu ya miwani yake iliyofungwa kwa waya.

"Hapa," alisema. "Mshale ukifika hapa, mimi nimeshaaga. Ukipita hapa usinitafute kijijini Rugera. Nitafute kule mbali Nyakakika, na nitakuwa nimefika kwa miguu."

Mama alicheka mpaka akashika goti lake bovu. Mimi nilitabasamu kwa sababu mzee alitaka nitabasamu, lakini macho yangu hayakutoka kwenye ule mstari.

Ilikuwa Agosti 1989, likizo yangu ya mwisho kabla ya kumaliza chuo. Mtungi ulikuwa umelala uani kwetu juu ya majani ya mgomba, mfupi, mnene, mweusi. Ulikuwa kipande cha silinda ya tingatinga lililoachwa na wajenzi wa barabara. Mzee Karekezi, fundi wa kuchomelea aliyekuja kutoka Rwanda akiwa kijana na kubaki huku, ndiye aliyeukata, akauchomelea kitako, akautengenezea kifuniko cha boliti nane chenye valvu ya mkono ya kuingizia na kutolea gesi. Ndani yake ziliingia lita tatu. Kabla ya kunikabidhi aliujaza maji na kuyasukuma kwa pampu ya jeki. Ulivumilia hadi mia mbili na sitini, ndipo mshono wa kitako ukaanza kutoka jasho.

"Maji yakipasua chuma, yanamwagika tu," aliniambia siku hiyo. "Gesi ikipasua chuma, mwalimu, inatafuta mtu."

Aliniita mwalimu ingawa nilikuwa bado mwanafunzi. Kwake, kila aliyevuka darasa la saba alikuwa mwalimu.

Majirani waliuita bomu. Tangu mwaka wa vita, watu wa kwetu hawapendi chuma kilichozibwa pande zote, na sikuweza kuwalaumu. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama na mimi tulikuwa tukirudi kutoka mnada wa Murongo, mpakani, wakati mizinga ilipoanza kuunguruma ng'ambo. Mama alinisukuma mtaroni, akanilalia. Nakumbuka uzito wake na harufu ya karanga kwenye kanga yake, na jinsi moyo wake ulivyokuwa ukinigonga mgongoni. Hakuna kitu kilichotuangukia siku ile. Lakini mpaka leo mlango ukibamizwa na upepo, mama hutazama juu.

Basi mtu aniulize: kwa nini basi ulileta bomu uani kwa mama yako?

Kwa sababu ya mafuta. Kwetu mbegu za maboga huliwa, na zinazobaki huoza au hupewa kuku, wakati karibu nusu ya mbegu ni mafuta. Ukizikamua kwa mashine ya mkono, mengi hubaki kwenye mashudu. Ukiyaosha kwa petroli yatatoka, lakini utakula petroli. Kuna njia ya tatu. Ile gesi inayoipa soda povu lake, ukiibana sana na kuipasha joto kupita nyuzi thelathini na moja, inageuka kitu ambacho si gesi tena na wala si maji. Inapenya kwenye unga wa mbegu kama hewa na kuyeyusha mafuta kama petroli. Ukiilegeza, inaruka yote, inakuachia mafuta peke yake, safi.

Nilikuwa nimeandika mfano wa hesabu wa jambo hilo, daftari zima. Ulikuwa unasema presha itakuwa ngapi katika kila nyuzi ya joto, na mafuta kiasi gani yatayeyuka. Vitu vilivyotawala hesabu yangu vilikuwa vichache: uzito wa gesi unayoingiza, nafasi inayobaki mtungini baada ya mbegu kuingia, na joto. Nafasi ikipungua kidogo, presha haipandi kidogo. Inaruka.

Pampu ya maabara ya chuo ilikuwa imekufa miaka miwili nyuma, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua kama namba zangu zilikuwa za kweli. Mhadhiri wangu aliliinua daftari mbele ya darasa akasema, "Binti, hizi ni namba za kwenye karatasi. Karatasi haipasuki." Wenzangu wakacheka. Mimi si mtu wa kujibu. Nilikaa nikitazama viatu vyangu, nikajiambia kwamba nitatafuta chuma.

Sikuhitaji pampu. Ukiijaza gesi ikiwa imepoa mpaka imekuwa maji, ukafunga, kisha ukaipasha joto, inajibana yenyewe. Kitu kimoja tu kilikosekana, na sitakificha: valvu ya usalama, ile inayojifungua yenyewe presha ikizidi. Tuliiagiza Mwanza pamoja na chupa ya gesi kutoka kwa watu wa soda. Chupa ilifika, valvu haikufika. Mzee Karekezi alisema tungoje. Likizo ilikuwa imebaki siku tisa. Nilimwonyesha jedwali langu: katika nyuzi hamsini, mwisho wa safari yetu, presha ingekuwa mia moja arobaini na tatu. Mbali kabisa na mstari wake.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Nina hakika, mzee." Nilisema kwa sauti ndogo, naye akadhani ni adabu.

Jumamosi asubuhi nilimkabidhi mama kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, na nililipima chuoni: likijazwa unga wa mbegu za maboga na kusawazishwa, linabeba gramu mia tatu. Mama alikuwa ametwanga mbegu tangu alfajiri.

"Makopo manne, mama. Uyamimine mtungini. Mimi nakwenda kisimani kuleta maji ya kupoozea."

"Manne," alisema mama. "Nenda, nenda. Nimepima mbegu tangu hujazaliwa."

Ilikuwa kweli. Jina lake ni Evangelina, lakini mnadani Murongo watu humwita Mama Kilima, kwa sababu ya jinsi anavyojaza kopo lake la karanga, mpaka linafanya kilima na punje zinamwagika pembeni. Tangu baba alipofariki alinisomesha kwa kopo hilo. Nilipokwenda kisimani sikuliwaza. Niliwaza maji.

Niliporudi, Mzee Karekezi alikuwa anakaza boliti ya nane. Tuliuweka mtungi umesimama ndani ya nusu pipa la maji ya kisima, baridi ya kukata vidole. Chupa ya gesi tuliitundika kichwa chini kwenye mizani ya kupimia magunia ya kahawa, tukaunganisha bomba, tukafungua. Nilikuwa nahitaji kilo moja na gramu mia tatu ziingie. Kilo ya kwanza iliingia kwa mluzi mzuri. Kisha ikaanza kusitasita.

"Imeshiba," alisema Mzee Karekezi.

"Bado kidogo."

Nikaizungushia chupa kitambaa cha maji ya moto ili isukume, na gesi ikaendelea kuingia kwa shida, kama mtu anayelazimishwa kula. Mizani ilipofika nilipotaka, nilifunga. Nilipaswa kujiuliza wakati ule. Nilidhani ni bomba letu jembamba.

Tulikuwa tumepanga mambo yetu vizuri, au nilidhani hivyo. Bomba refu la shaba, jembamba kama unyasi, lilitoka mtungini hadi hatua kumi na tano mbali, nyuma ya ukuta wa magunia ya mchanga, na kipimo cha presha kilikuwa kwenye ncha yake. Huko ndiko tungekaa. Kwenye pipa kulining'inia kipimajoto, na mtu angekwenda kukisoma, aseme namba, arudi mbio nyuma ya magunia. Chini ya pipa, mafiga matatu na moto.

Kuhusu moto mama hakutaka kusikia la mtu. "Huo unaotaka ni moto wa polepole. Wewe utauzima au utachemsha. Niachie."

Mara ya kwanza alisoma, "Ishirini na tano!" akarudi akichechemea. Mara ya pili hakurudi. Alivuta kigoda chake, akakaa kando ya pipa, akanyoosha mguu.

"Mama, rudi huku."

"Goti langu halikuumbwa kwa kuinuka na kuchutama kila dakika. Nitakaa. Si ulisema ni mia moja arobaini na tatu tu?"

Nilisema. Kwa hiyo nikamwacha akae.

"Thelathini!" aliita mama.

Nilitazama jedwali. Sabini na sita. Nilitazama kipimo. Mshale ulikuwa umesimama penye mia moja na kumi na tano.

Nilifuta kioo kwa kidole. Mzee Karekezi alikigonga kipimo kwa ukucha. Mshale ulitetemeka, ukarudi pale pale.

"Hiki kipimo ni cha zamani," alisema. "Labda kinasema uongo."

"Kilisema kweli kwenye maji, mzee."

"Basi karatasi ndiyo inasema uongo." Hakusema kwa ubaya. Lakini nikasikia lile darasa likicheka. Namba za karatasi. Sikuwahi kuamini kwa dhati kwamba mimi ningeweza kuandika kitu kikawa kweli. Sasa chuma kilikuwa kinakubaliana nao. Nilichukua penseli, nikaweka nukta kwenye grafu yangu, juu sana ya mstari wangu. Nukta ikatoka na mkia.

"Thelathini na tano! Moto umetulia vizuri, Shubira, uje uone!"

Jedwali: tisini na tatu. Mshale: mia moja na arobaini.

Mzee Karekezi hakusema utani tena. Aliivua miwani, akaisafisha, akaivaa. "Mwalimu. Mwambie mama yako atoke pale."

"Mama, njoo huku kidogo."

"Nije nifanye nini? Nikiuacha moto huu utawaka."

Ningesema kwa nguvu. Ningesema, mama, naogopa, njoo. Lakini ningeyasema hayo, ningekuwa nimekiri kwamba sijui nililoleta uani kwake. Nikajiambia, labda joto linapimwa vibaya. Labda maji ya chini ni ya moto zaidi ya yale ya juu. Nikajidanganya kwa dakika nane nzima. Hizo dakika nane bado ninazo.

"Arobaini!"

Jedwali: mia moja na tisa. Mshale: mia moja sitini na tano. Kati yake na rangi ya kucha ya mke wa katekista nafasi ilitosha kidole kimoja.

Niliweka nukta ya tatu. Ndipo nikaona.

Nukta zangu hazikukaa ovyo. Kama mfano wangu ungekuwa wa uongo, zingetawanyika. Hizi zilikuwa zimepanda kwa mstari mmoja mzuri, na mstari huo ulikuwa tayari umechorwa kwenye grafu yangu, kwa penseli hafifu. Nilikuwa nimechora mistari mingi chuoni, kwa nafasi mbalimbali za mtungi, ili tu kuona. Huo wa juu kabisa ulikuwa wa mtungi uliojazwa kupita kiasi, na pembeni nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wangu: *Usifike hapa.* Niliufuata kwa kidole. Nyuzi arobaini na tano, mia moja tisini. Arobaini na saba, mia mbili. Sitini, mia mbili sitini na tano.

Hesabu yangu ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ya kweli tangu mwanzo, na mama alikuwa amekaa kando yake.

Gesi niliipima mwenyewe. Mtungi ulikuwa ule ule. Kilichobaki ni nafasi. Kitu fulani kilikuwa kimekula nafasi.

"Mama!" Sauti ilitoka nyembamba. "Mama, uliweka makopo mangapi?"

"Manne."

"Manne tu?"

"Si ulisema manne?"

"Uliyasawazisha?"

Mama aligeuka akanitazama juu ya magunia kama vile nimemtukana. "Nimsawazishie nani? Mimi nimeanza lini kusawazisha kopo?"

"Kwa hiyo yalikuwa na kilima."

"Yalikuwa na kilima, ndiyo, kama ya mtu mwenye heshima. Na nikashindilia kidogo. Na nyongeza."

"Nyongeza ya nini, mama?"

"Nyongeza! Kopo moja juu. Ni kitu chako cha kwanza umeleta nyumbani kutoka shule, mwanangu. Nikupimie kwa kukata kama mgeni?" Akatikisa kichwa, akausukuma ukuni ndani. "Nilitaka upate mafuta mengi."

Mzee Karekezi alifumba macho.

Siwezi kueleza ni hofu gani ile. Si ile ya mtaroni, maana pale nilikuwa mtoto na kulikuwa na mtu juu yangu. Hii ilikuwa na namba. Nilijua chuma kitavumilia mpaka wapi, na nilijua hata tukiuvuta moto wote sasa, mafiga yalikuwa yameshika joto, yangeendelea kuyapasha maji. Mama alikuwa hatua moja kutoka kwenye mshono wa kitako.

"Mama, ondoka hapo! Ondoka sasa hivi!"

Nadhani hakuwahi kunisikia nikipiga kelele. Uso wake ulibadilika. Alitazama mtungi, kisha akatazama juu, angani, kama anavyofanya siku zote. Akaanza kuinuka. Goti likakataa. Alishika ukingo wa pipa kwa mkono mmoja, kigoda kikapinduka nyuma yake, akabaki ameinama hapo, hasimami wala hakai.

Nilitoka nyuma ya magunia. Mzee Karekezi alinikamata kanga.

"Acha! Mtakufa wawili!"

"Basi tutakufa wawili, baba."

Kanga ilibaki mkononi mwake.

Hatua kumi na tano. Nilizihesabu siku ya kuweka magunia, kwa furaha, nikiruka kila hatua. Safari hii sikuzihesabu. Nilimshika mama kwapani, nikamvuta, na hakuvutika. Mama ni mzito na mimi mwembamba, na mguu wake ulikuwa umekwama kati ya jiwe na kuni. Kipimajoto kilikuwa mbele ya macho yangu. Arobaini na sita.

"Fungua valvu!" Mzee Karekezi alikuwa amekuja. Sitasahau kwamba alikuja. Alikuwa ameushika mkono wa valvu juu ya kifuniko. "Tuitoe gesi yote, iishe!"

"Usiguse!"

Nilimpigia kelele mzee wa rika la babu yangu, naye akauachia mkono wa valvu kana kwamba umemchoma.

"Ukiifungua ghafla itaganda," nilisema, na maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, yamepangika, kama mtu mwingine anasoma daftari langu. "Itakuwa barafu. Chuma kikipata baridi ile ya ghafla kinavunjika kama kioo, na mshono wako ndio utaanza. Tuipoze kutoka nje. Kila nyuzi moja ikishuka, presha inashuka tano. Maji ya kisima, mzee. Dumu lile."

Dumu la lita ishirini lilikuwa pale pale, lile nililolileta asubuhi. Ndani ya pipa kulikuwa na maji kama lita sitini. Nilichanganya kichwani, moto kwa baridi: tungefika thelathini na tisa. Na pipa lilikuwa limejaa mpaka juu, kwa hiyo yangemwagika, na yakimwagika yangezima moto.

Tulilinyanyua wawili. Sehemu ya maji ilinimwagikia kifuani. Mama, bado ameinama, aliweka mkono wake chini ya dumu akasukuma. Maji yaliingia. Pipa likafurika pande zote, moto ukalia na kutoa moshi mweupe uliotuficha sisi kwa sisi, na mle moshini nikasikia chuma kikisema: *tak!*

Nilianguka. Hapana, niliangushwa. Mkono wa mama ulinikamata shingoni na kunitupa kwenye matope na majivu, kisha uzito wake wote ukaja juu yangu. Goti lililokataa kumwinua halikukataa kumwangusha. Nilisikia moyo wake mgongoni. Safari hii harufu ilikuwa ya mbegu za maboga.

Tulikaa hivyo. Sijui ni muda gani. Nilingoja sauti ambayo nilijua nisingeisikia ikija.

"Mia moja tisini na nane," ilisema sauti ya Mzee Karekezi.

Alikuwa ametambaa mpaka nyuma ya magunia na alikuwa anasoma kipimo. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Mia moja tisini na nane... umesimama... mwalimu, umesimama... Hapana. Tisini na tano. Mia moja tisini. Unashuka. Mama Shubira, unashuka! Mia moja themanini na mbili!"

Mama hakuniondokea. Alinilalia mpaka mzee alipoita mia moja na sitini, na hata hapo aliinuka upande mmoja tu, akabaki ameniwekea mkono kichwani.

"Kile kilichosema *tak* kilikuwa nini?" aliuliza.

"Boliti," alijibu Mzee Karekezi. "Imejikaza kwa baridi. Si kitu." Kisha akakaa chini, akaivua miwani yake ya waya, na nikaona kwamba mzee alikuwa analia, kimya, bila kuficha, akiwa bado ameishika kanga yangu.

Mtungi tuliuacha ndani ya maji ya kisima, tukiyabadilisha kila saa, mpaka kesho yake. Watu wote wa karibu niliwaomba wakae mbali, na nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba mwenyewe, mimi ambaye hupita njia ya nyuma ili nisikutane na salamu. Waliniuliza kwa nini. Niliwaambia ukweli. Niliwaambia kwamba nilikosa valvu ya usalama na sikungoja, na kwamba kosa ni langu. Kuhusu makopo sikumwambia mtu.

Jumapili alasiri, mtungi ukiwa umelala salama, nililifunga bomba jembamba kwenye valvu, nikaweka mtungi kwenye maji ya vuguvugu tu, tukaitoa gesi pole pole, ncha ya bomba ikiwa ndani ya glasi. Ilitoka ikipumua theluji nyeupe. Chini ya ile theluji, kwenye glasi, matone yalianza kuungana. Yalikuwa ya kijani iliyoiva, safi, bila harufu ya moshi wala ya petroli. Kijiko kimoja cha chai. Daftari langu lilikuwa limesema kijiko kimoja kasoro kidogo.

Mama alichovya kidole, akajipaka nyuma ya mkono, akanusa.

"Na yote yale," alisema, "kwa ajili ya hiki?"

"Kwa ajili ya hiki, mama."

Mama alinigeukia. "Ningekuua," alisema. "Kwa kopo la nyongeza."

"Hapana. Mimi ndiye sikukueleza. Nilikwambia manne, sikukwambia kwa nini manne."

"Hukunieleza kwa sababu huwa husemi." Alilisema bila hasira. "Husemi, Shubira. Unakaa na mambo yako kichwani kama kuku anayeatamia. Siku nyingine piga kelele mapema."

Valvu ya usalama ilifika Alhamisi, kwa lori la watu wa kahawa. Mzee Karekezi aliifunga mwenyewe, akaijaribu kwa maji mara tatu, akakataa kumwamini mtu. Siku zilizobaki zilikuwa tatu. Nilisema hatutarudia. Mama ndiye aliyesema tutarudia, maana nukta tatu za mstari ambao sikuukusudia zisingemnyamazisha yule mtu wa chuoni.

Basi Ijumaa asubuhi nilikaa kwenye majani ya mgomba mbele ya mtungi uliofunguliwa, na sikwenda kisimani. Mama alileta ungo wa unga wa mbegu na kopo. Alilijaza. Likafanya kilima, maana mkono wake haujui njia nyingine. Kisha akachukua kijiti, akakiweka juu ya mdomo wa kopo, na kabla ya kukivuta aligeuka kutazama njiani, kama kuna mtu anayepita. Hakukuwa na mtu. Alikata kilima kwa mkato mmoja wa haraka, unga ukarudi kwenye ungo, naye akamimina kopo lililosawazishwa bila kulitazama.

La pili. La tatu. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, kwa nguvu, ili anisikie na ili nami nijisikie.

"Nne," nilisema.

Mama alimimina. Aliliweka kopo chini. Kisha mkono wake wa kulia, peke yake, ulirudi kwenye ungo, ukachota unga kidogo katika ncha za vidole, ukainuka na kusimama hewani juu ya mdomo wa mtungi.

Nilimtazama yeye, na mkono, na mshono wa kitako chini yake. Mama naye alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe, kama wa mtu mwingine.

Polepole sana, akaurudisha unga kwenye ungo, akajipangusa vidole kwenye kanga.

"Funga," alimwambia Mzee Karekezi. "Funga haraka."